Wakuu mlioko Maine: utabiri unasema Machi hadi Mei joto juu ya wastani, nijaze tenki la mafuta au nivumilie?

#1 Kisamvu_Baridi
Habari za baridi wakuu. Niko Portland, Maine, huu mwaka wa tatu. Jana jamaa wa kazini kanionyesha kwenye simu ile ramani ya msimu ya NOAA (wale wa hali ya hewa wa serikali ya Marekani), Machi Aprili Mei, upande wetu wote wa New England umepakwa rangi ya chungwa, yaani joto juu ya wastani. Nikafurahi. Leo asubuhi nimetoka shifti ya usiku, ngazi za nyuma ya nyumba zimeganda utadhani kuna mtu kazimwagia kioo cha maji maji, nimepanda kwa magoti ngazi moja moja huku kamba ya begi la chakula nimeing'ata kwa meno. Jirani mzungu ana mbwa ananiangalia tu.

Sasa swali langu. Nyumba yetu inapashwa kwa mafuta, tenki la galoni 275 liko besmenti na mshale unachezea chini ya robo. Hawa wa kuleta mafuta hawaji kwa chini ya galoni 100. Nikiagiza leo nalipa pesa ya maana, halafu kama kweli joto linakuja si nitabaki na mafuta ya kumtazama hadi Novemba? Na tairi za theluji nazo, nitoe au niache? Naomba wenye uzoefu, sio wa kubahatisha.

#2 Mtabiri_Feki
Kwa meno mkuu 😂😂 Mimi nauliza yule panya buku wa Pennsylvania alisemaje tarehe 2 Februari? Wenzako nchi nzima wanaamka alfajiri kumtoa mnyama shimoni, akiona kivuli chake baridi wiki sita, asipokiona masika mapema. Wewe unahangaika na ramani.

#3 Msee_wa_Lori
Buda usitoe hizo tairi. Mimi nadraivu kutoka Portland hadi Bangor na kurudi kila wiki mwaka wa sita, Machi ndio mwezi unaoua kuliko Januari kwa sababu Januari unajua ni barafu, Machi mchana maji yanatiririka barabarani, jua likizama yanaganda na huyaoni, lami inaonekana imelowa tu. Tairi ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi mpira wake unakuwa mgumu. Ukiwa na zile za misumari sheria ya Maine inakuruhusu mpaka 30 Aprili, kwa hiyo serikali yenyewe inajua Aprili kuna nini. Tumia akili ya serikali.

#4 Mpima_Mvua
#1 mkuu pole na ngazi, lakini ile ramani umeisoma vibaya na sio kosa lako, wengi wanaisoma hivyo.

Wale wa kituo cha utabiri wa misimu wanagawa historia mafungu matatu: chini ya wastani, karibu na wastani, juu ya wastani. Bila taarifa yoyote kila fungu lina theluthi moja, 33 kwa 33 kwa 33. Wanapopaka chungwa wanachosema ni kwamba fungu la juu limepata uzito kidogo, pengine 40 au 45. Ukiangalia chini ya ramani yako kuna ngazi ya rangi na namba, ziko pale.

#5 Kisamvu_Baridi
Ngoja ngoja. Kwa hiyo ikiwa 40, ina maana 60 ni kwamba joto HALIJI?

#6 Mpima_Mvua
60 ni kwamba msimu hautaangukia fungu la juu. Utakuwa wa kawaida au wa baridi. Na yule mwenzako wa kazini asije akakwambia "joto litapanda kwa asilimia 40", nimeshasikia hiyo kwenye basi.

Jambo la pili, wastani wenyewe. Wanalinganisha na miaka ya 1991 hadi 2020. Sasa wastani wa Machi hapo Portland ni nini? Mchana kama nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, usiku chini ya sifuri, na theluji ya Machi peke yake kama sentimita 30. Hata ikiwa juu ya wastani kwa nyuzi moja na nusu, ambayo kwa msimu mzima ni nyingi, bado usiku unaganda. Juu ya wastani wa Maine sio Morogoro.

Na ni msimu mzima, miezi mitatu. Inaweza ikawa Machi ya kawaida, Aprili ya kawaida, Mei ikawaka, ramani ikahesabiwa imepatia. Wewe tenki lako ni la Machi.

#7 Binti_Chumbageni
Mimi niko Tanga napita tu, ila jamani Machi Aprili Mei si ndio Masika yetu? Huku TMA nao wametoa mwelekeo wa mvua, "wastani hadi juu ya wastani". Kumbe hesabu ni ile ile? Mie miaka yote nilidhani wanajitetea, ikinyesha wamepatia, isiponyesha sana wamepatia.

#8 Mtabiri_Feki
#7 dada umemaliza uzi. Wastani hadi juu ya wastani ni kama mganga anakwambia mtoto atakuwa wa kike au wa kiume.

#9 Mpima_Mvua
#7 ndio, mafungu ni hayo hayo matatu, na miezi hiyo wenye fani wanaiita kwa herufi zake MAM. Tofauti ni kwamba kwenu swali ni mvua na hapa swali kubwa la Machi ni kama kitakachoanguka kitakuwa maji au theluji, na mpaka kati ya hivyo viwili unaweza kupita katikati ya mji mmoja. Ofisi ya hali ya hewa ya eneo hili iko Gray, mwendo mfupi kutoka Portland kuelekea bara, wao wenyewe dhoruba ikija wanatoa makadirio ya theluji na baada ya saa chache wanayarekebisha. #8 wewe endelea na panya wako.

#10 Baharia_Mstaafu
Salaam aleikum. Mimi mtu wa Unguja, nimestaafu bahari, nakaa South Portland na binti yangu. Niwaambie kitu kinachonichekesha tangu nije. Kwetu kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, Disemba hadi Machi, ndio upepo wa majahazi kushuka kutoka Arabuni, mbingu kavu, bahari nzuri. Huku upepo unaotoka kaskazini mashariki ndio msiba wenyewe! Wanauita norista. Kimbunga kinapita baharini nje, upepo unazunguka unakuja kutoka baharini upande ule ule wa kaskazi yetu, unaleta theluji nzito ya maji maji na bahari inapanda mpaka barabarani. Mwelekeo mmoja, tabia mbili. Siku ya kwanza nimeona bendera ya jirani inapepea kwa kaskazi nikamwambia binti yangu leo hali nzuri. Alinicheka wiki nzima.

Machi bado ni mwezi wa norista. Kijana jaza tenki.

#11 Mama_Neema_Lewiston
Bonjour bandugu. Miye niko Lewiston, nalimaka lengalenga (ile munaita mchicha), nyanya na mahindi kidogo ku shamba ya kukodi. Ile mambo ya masika banasema inakuja mapema, miye nilisikia mwaka wa kwanza nikaamini. Mwezi wa ine mwishoni kulikuwa jua safi, batoto banatembea na mashati tu, nikatosha miche ya nyanya ndani nikapanda inje yote, miche karibu mia. Mwezi wa tano katikati usiku moja tu ikaganda. Asubui majani ilikuwa meusi na maji maji kama sombe (kisamvu) ya kupika. Mzungu moja mzee akanambia hapa hatupandi nyanya mbele ya Memorial Day, ile Lundi (Jumatatu) ya mwisho ya mwezi wa tano. Sasa nafwata ule mzee, sifwate ramani.

Lakini kaka wa #1, kwetu Lewiston mwezi wa ine mchana iko joto kuliko Portland. Nakujaka ku soko Portland na robe, nashuka ku gari nakimbilia koti.

#12 Kisamvu_Baridi
Mama Neema pole na nyanya. Hilo la Lewiston nimeliona mwenyewe! Aprili iliyopita nimeenda kumsalimia rafiki Lewiston, dakika 40 tu kwa gari, watu wamekaa barazani na fulana. Nimerudi Portland jioni upepo wa baharini unanikata masikio. Mimi nilijua bahari inaleta joto, si ndivyo tulivyofundishwa shuleni kwamba pwani hakuna baridi kali?

#13 Mpima_Mvua
Umefundishwa sawa ila nusu. Bahari haileti joto, inachelewesha. Inachelewa kupoa na inachelewa kupata moto. Novemba pwani ina joto zaidi kidogo kuliko bara kwa sababu bahari bado inakumbuka Agosti. Machi na Aprili ni kinyume, bahari bado inakumbuka Februari. Maji ya Casco Bay mwezi Machi ni kama nyuzi 4. Sasa jua likipasha ardhi ya Lewiston, hewa inapanda kule, ya baharini inavutwa kuja kujaza nafasi, inapita juu ya maji ya nyuzi 4 na kukufikia wewe usoni. Ndio maana asubuhi saa nne unaweza kuwa na nyuzi 15, saa saba ukawa na 8.

#14 Baharia_Mstaafu
Matlai hiyo. Umepigwa na matlai ya barafu 😄

#15 Elnino_97
Wakuu mnazunguka sana. Jibu ni La Niña. Ikiwepo La Niña, yaani maji ya Pasifiki yamepoa, upande huu wa kaskazini unapata baridi, na ikiwepo Elnino, yaani yamepata moto, unapata joto. Rahisi.

#16 Mpima_Mvua
Sio rahisi hivyo. Kwa Afrika Mashariki Elnino ina sauti kubwa, hasa kwenye vuli, wote tunakumbuka 1997. Kwa pwani ya Maine mwezi Machi sauti yake ni ndogo. Kinachoamua zaidi ni hali ya Atlantiki ya kaskazini, kama kuna mgandamizo mkubwa wa hewa umekaa Greenland kama lori lililoharibika barabarani. Ukikaa pale, dhoruba zinazotoka magharibi hazipati njia, zinapunguza mwendo na kukaa juu yetu. Na hilo huwezi kuliona miezi mitatu kabla, unaliona siku kumi kabla ukibahatika.

#17 Kaka_wa_Tromsø
Nimeona uzi nikacheka kwa huruma. Mimi niko Tromsø, Norwe ya kaskazini, latitudo 69, juu kabisa ya mstari wa Aktiki. Mnalalamika na ninyi mko 43? Angalieni ramani, Marseille ya Ufaransa iko karibu mstari mmoja na Portland. Watu wa Marseille Machi wanakunywa kahawa nje.

Kwetu hapa theluji inakuwa nene kuliko wakati wote mwisho wa Machi na Aprili. Rekodi ya mji ni sentimita 240, tarehe 29 Aprili 1997, mwaka huo huo wa Elnino ya nyumbani. Lakini bandari yetu haigandi kwa sababu mkondo wa maji ya moto wa Atlantiki unafika mpaka huku. Mnachokosa ninyi ni huo mkondo tu, wenu umepita mbali nje baharini ukaja kwetu. Asanteni.

#18 Msee_wa_Lori
#17 kwa hiyo mmetuibia joto 😂 rudisheni

#19 Baharia_Mstaafu
Anachosema #17 ndicho. Na zaidi, sisi tunapata mkondo wa baridi kutoka Labrador unaoshuka kutoka Kanada. Nimepita Newfoundland na meli mwezi Mei nimeona barafu zinaelea kama majumba. Maji hayo hayo ndiyo yanakuja hapa.

#20 Mpima_Mvua
Mnasema kweli nusu nusu. Tofauti ya Portland na Marseille sio mkondo peke yake. Upepo wa latitudo hizi unatoka magharibi kwenda mashariki. Wao upande wao wa magharibi kuna Atlantiki, sisi upande wetu wa magharibi kuna bara zima lililoganda. Kwa hiyo hewa yetu ya Machi inatoka Kanada, haitoki baharini, ila norista ikija au ule upepo wa mchana. Vladivostok ya Urusi iko mstari huo huo wa 43, pwani ya mashariki ya bara, na ni baridi kuliko sisi.

Kuhusu Labrador, hapo mzee Baharia ana hoja ya leo sio ya jana tu. Ghuba ya Maine ilipata sifa mbaya kwa kupata joto haraka kuliko karibu bahari zote duniani mwanzoni mwa karne hii, kamba wadogo wa kaskazini wakapungua mpaka uvuvi wao ukafungwa kuanzia 2014. Halafu kuanzia mwisho wa 2023 maji ya chini yakarudi kuwa ya baridi kuliko miaka iliyotangulia, maji ya Labrador yameingia tena. Kwa hiyo anayesema "bahari inachemka basi masika yatakuja mapema" na anayesema "bahari imepoa basi yatachelewa", wote wana karatasi za kuonyesha.

#21 Elnino_97
Kwa hiyo jibu ni nini sasa? Unajua kila kitu ila hujibu.

#22 Mpima_Mvua
Jibu la nini, tairi au bahari? Tairi kajibu #3.

#23 Msee_wa_Lori
Mimi niwape kesi moja ndio mjue huu mwezi wa nne ulivyo. 2024, Alhamisi tarehe 4 Aprili, norista nzito, theluji ya maji, miti imelala juu ya nyaya, umeme umekatika pwani nzima, kwangu siku tatu nachemshia chai kwenye jiko la gesi la kambi. Jumatatu yake, tarehe 8 Aprili, jua likapatwa lote kaskazini mwa Maine. Na mnajua anga ilikuwaje? SAFI. Hakuna wingu. Nimeegesha gari karibu na Houlton, theluji bado imejaa shambani, mchana saa tisa na nusu ikawa usiku, theluji ikageuka rangi kama ya risasi, kuku wa mzee mmoja wakaingia bandani. Siku nne tu katikati. Sasa huo msimu ramani ingepaka rangi gani?

#24 Binti_Chumbageni
Kuku wakaingia bandani 😭 nimependa.

#25 Baharia_Mstaafu
Umeme ni kidogo. Shida ni maji kupanda. Rekodi ya Portland ni ya Februari 1978, binti yangu alinisomea.

#26 Fundi_Boila
Mzee shikamoo, hiyo ilivunjwa. 13 Januari 2024, futi 14.57, ya 1978 ilikuwa 14.17. Ni siku ile vile vibanda vya zamani vya wavuvi hapo kwenu South Portland vilipochukuliwa na mawimbi, watu wamerekodi kwa simu vinavunjika kimoja kimoja.

Mimi ni Mrundi, natengeneza mitambo ya kupasha nyumba, nimeona hakuna aliyemjibu mwenye uzi swali lake. Ndugu Kisamvu, usicheze na chini ya robo. Sio kwa sababu ya ramani. Tenki likikauka kabisa, pampu inavuta hewa na takataka iliyolala chini miaka ishirini, filta inaziba, boila inazima, na ukishajaza mafuta bado haiwaki mpaka mtu aje atoe hewa kwenye bomba. Mtu huyo ni mimi, na usiku wa Jumapili bei yangu sio ya mchana. Mwezi wa tatu napigiwa simu nyingi kuliko wa kwanza, wote wanasema maneno yale yale, "nilidhani baridi imeisha".

Jambo lingine, mafuta uliyobaki nayo Mei hayaozi. Yanakaa, yanakungoja Oktoba. Sasa hasara iko wapi?

#27 Baharia_Mstaafu
Marahaba. Kweli, 2024, hata mimi nilikuwepo, nimesahau. Umri.

#28 Kisamvu_Baridi
Fundi umenigusa. Hasara ni kwamba mwezi huu natuma ada nyumbani, ukweli ndio huo. Galoni mia ni ada ya mdogo wangu muhula mzima na chenji inabaki.

#29 Fundi_Boila
Hapo nakuelewa. Kuna mpango wa msaada wa mafuta kwa kipato, uliza ofisi ya huduma za jamii ya kaunti yako kama maombi bado wanapokea. Wakati unangoja, unaweza kununua dizeli galoni tano kwa dumu safi ukamimina tenkini, mtambo unaikubali. Usimwambie mtu nimekwambia 😄 hapana natania, ni sawa kabisa, hata sisi tunafanya. Usiweke petroli. Kuna mtu nimemkuta karibu aweke petroli.

#30 Mtabiri_Feki
Jina langu la Mtabiri nalifuta, wewe ndio mtabiri.

#31 Msee_wa_Lori
Hakuna ametaja tope. Watu wa huku wana msimu wa tano, msimu wa tope. Ardhi imeganda futi kadhaa chini, juu inayeyuka, maji hayana pa kwenda, barabara ya vumbi inakuwa uji. Lami nayo inanyanyuka mabonde mabonde. Wanabandika makaratasi ya chungwa kwenye nguzo, lori la zaidi ya pauni 23,000 halipiti. Isipokuwa imeganda! Wakati joto liko sifuri au chini na hakuna maji yanayoonekana juu ya barabara, unapita. Kwa hiyo Machi napakia saa nane usiku, nasimamisha gari mdomoni mwa ile barabara, nashuka na tochi, nakanyaga kwa buti. Ikilia kama kokoto naingia. Ikimeza buti narudi kulala. Huo ndio utabiri wangu.

#32 Mama_Neema_Lewiston
#31 iko vile vile na utomvu ya miti! Batu ba huku banatobolaka mti ya mepo mwezi wa tatu. Inatoka kama usiku inaganda na mchana inayeyuka, ikikosa kimoja haitoki. Jirani yangu alinionesha, tone moja inaanguka ku ndoo, tii, tii, niliweka ku kidole nikaonja, ni maji tu, sukari kidogo sana kama chai ya mgonjwa. Galoni makumi ine banachemsha inabaki galoni moja ya sirapu. Jumapili ya ine ya mwezi wa tatu banafungua kwa bantu kuja kuona, mvuke inajaa nyumba yote, nguo inanukia sukari siku mbili. Yule jirani akiona joto limekuja mapema anakasirika, anasema msimu wake umekufa. Kwa hiyo ile joto munaomba, kuna bengine banaombea isikuje.

#33 Elnino_97
Kule Kanada wanafanya biashara kubwa ya hiyo sirapu. Kuna mtu ana mawazo ya kuipeleka Dar?

#34 Binti_Chumbageni
Tuna asali kaka. Tuna na miwa.

#35 Kaka_wa_Tromsø
Kuna mwaka mmoja mngelia kweli. 1816. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka 1815, majivu na gesi yakafunika anga, mwaka uliofuata sehemu za New England zikapata theluji mwezi Juni. Juni! Mahindi yakaganda Julai na Agosti, watu wakahama Maine kwenda magharibi. Hakuna ramani ya msimu ingeweza kuona hiyo, mlima uko upande wa pili wa dunia.

#36 Mama_Neema_Lewiston
Mungu wangu. Na sie tunatoka karibu na Nyiragongo.

#37 Mpima_Mvua
Nyiragongo inamwaga lava chini, hairushi gesi juu kiasi kile. Lala salama mama.

Hata hivyo nikiri kitu. Mimi nimekuwa nikifuata hizi ramani za MAM muda sasa, kila mwezi Alhamisi ya tatu zinatoka mpya, na kwa upande wetu naona chungwa karibu kila mara. Sehemu ni kweli dunia inapata joto na wastani wa 1991 hadi 2020 tayari uko nyuma yetu. Sehemu, nadhani, ni kwamba ukitabiri joto siku hizi unapatia mara nyingi bila kujua lolote la Greenland wala Labrador. Kwa hiyo mtu wa #8 sio mjinga kama anavyojifanya.

#38 Mtabiri_Feki
Pigeni skrini shoti kabla hajafuta 😂

#39 Kisamvu_Baridi
Mrejesho wakuu. Nimeagiza galoni 100 jana. Kabla gari halijafika nimemwaga chumvi kwenye njia kuanzia barabarani mpaka kwenye bomba la kujazia, nilikuwa naogopa jamaa ateleze anishitaki. Kaja kijana mmoja, anavuta mpira kama wa zimamoto, kuna kifirimbi ndani ya tenki kinalia muda wote mafuta yanapoingia, fiiii, nimesimama dirishani nasikia ada ya mdogo wangu inapiga mluzi.

Leo nimeamka nyuzi 14. Jua kali. Mabonge ya barafu yanadondoka kwenye paa, jirani mzungu yuko nje na kaptula na mbwa wake. Boila haijawaka tangu saa tatu.

#40 Elnino_97
SI NILISEMA

#41 Mpima_Mvua
Hukusema hivyo, ulisema La Niña inaleta baridi. Na siku moja sio msimu, rudi #6. Kesho kutwa upepo unageuka kutoka kaskazini mashariki.

#42 Baharia_Mstaafu
Kaskazi hiyoo.

#43 Msee_wa_Lori
Tairi umetoa?

#44 Kisamvu_Baridi
Sijatoa. Mama Neema, zile mbegu za lengalenga unazo za kuuza? Nina dirisha moja linapata jua.

#45 Mama_Neema_Lewiston
Siuzishe, nakupatia. Lakini uziache ku dirisha. Usizitoshe inje mpaka nikuambie.